Sanduku Moja, Watoto Ishirini na Watatu

Mtoni, 7 Juni 1997

Mjomba Badru,

Shikamoo. Naiandika hiyo shikamoo kwa kuwa marehemu mama angenizaba kofi kama nisingemwamkia mdogo wake, ila wote tunajua umenizidi miaka miwili tu na ngumi zangu ulizikimbia. Sie hatujambo. Bibi anasumbuliwa na magoti, na anasema mwanawe alihamia kwenye baridi makusudi ili yeye asiweze kumfuata. Baba Lulu alipunguzwa kazi kiwandani mwezi wa nne, yeye na wenzake mia mbili. Sasa yuko nyumbani, anavunja banda la kuku na kulijenga upya. Hajazoea, wala mimi sijazoea kumkuta mchana.

Ninalotaka kukuambia ni hili. Nesi Margareta wa zahanati yetu amesikia kwamba hospitali yenu itapokea madaktari wa macho kutoka ng'ambo, na kwamba watawapasua bure watoto wenye mtoto wa jicho. Tumepita nyumba kwa nyumba, tumepata watoto hamsini na nane. Nimewaingiza wote kwenye kompyuta ya zahanati, ile ya msaada, katika jedwali lililonyooka vizuri: jina la mtoto, umri, jicho lipi, jina la mzazi, anwani. Nesi anasema mtoto akikaa miaka na ule weupe, hata ukija kuondolewa, jicho linakuwa halijui tena kuona. Kwa hiyo si jambo la kusema tutakwenda mwakani.

Lulu wangu naye yumo. Sikukuandikia mapema, nilidhani ni tongotongo zitaondoka. Lakini mficha uchi hazai: ni macho yote mawili, na ana miaka minne. Nimemweka wa mwisho, namba hamsini na nane, asije mtu akasema karani ana mjomba hospitalini. Wa kwanza nimemweka Sadallah, mtoto wa jirani yangu Mwanabaraka. Ana miaka sita, ndiye aliyechelewa kuliko wote.

Niambie namna ya kukufikishia orodha hii.

Mpwa wako,
Zubeda


Lugombwe, 25 Juni 1997

Mpwa wangu Zubeda,

Marahaba, na ngumi zako nazikumbuka. Mie mzima, ila asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Mwambie mama magoti ayakande kwa mafuta ya karafuu, na amwambie mtu yeyote anayekuja huku aniletee kipande cha papa mkavu. Watu wa huku ukiwatajia papa wanaziba pua.

Kuhusu orodha. Ni kweli wanakuja, na nimeshasema na katibu wa hospitali, Bwana Albano. Amekubali watoto wenu wote. Ila kila mzazi lazima aje na barua yetu yenye namba na muhuri. Asiye na barua hapiti getini, kwa sababu mwaka juzi watu walikuja wenyewe, wakalala nje ya ukuta, watoto wakashikwa na vichomi. Barua hizo nazichapa mimi. Tangu nirudi kutoka mafunzo ya kompyuta Dodoma, wiki tatu nzima, hapa wananiita Mhandisi, nami sikatai.

Kompyuta yetu ni ya zamani kuliko yenu, haiwezi kufungua jedwali lako. Inasoma maandishi matupu tu. Wewe lifungue jedwali, nenda pale pa kuhifadhi, chagua faili ya maandishi, na kila kitu kitenganishwe na mwenzake kwa alama ya mkato. Weka kwenye disketi uniletee. Mimi nitaimwaga kwenye programu yetu, na kila mtoto atapata kadi yake. Ni kazi ya dakika tano.

Ya Lulu nimeyasoma.

Mjomba wako,
Badru


Mtoni, 12 Julai 1997

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja, na dakika zako tano zimenichukua siku tatu. Jedwali langu lilikuwa na mistari na vyumba vyake, kila mtu kwake. Nilipoligeuza kuwa maandishi matupu nikalifungua kutazama, nikakuta watu wote wamebanana kama wako kwenye foleni ya sukari ya zamani. Nesi Margareta akauliza nimeharibu nini. Nikamwambia ndivyo Mhandisi alivyotaka.

Disketi nimempa Polikarpo, dereva wa lori la saruji anayepita huko kila baada ya wiki mbili. Nimeifunga ndani ya leso, mbali na papa wako, na nimemwonya asiiweke karibu na spika ya redio.

Anwani usizishangae. Watu wenye sanduku la posta huku ni wa kuhesabu, wewe mwenyewe unajua. Watoto ishirini na watatu, Lulu akiwamo, wote wanapitishia kwa Mzee Shomari, mwenye duka la mafuta ya taa, kama sie tunavyopitishia tangu zamani. Barua bado anazitia kwenye lile kopo la biskuti. Ukitaka yako unakwenda unasimama, anakuuliza habari za nyumbani mpaka umesahau ulichofuata, ndipo anafunua.

Mwanabaraka anapita kila jioni kuniuliza tumefikia wapi. Sadallah amejifunza kumimina chai bila kumwaga, anaweka kidole ndani ya kikombe kusikia ilipofika. Watu wanamsifu. Mama yake hapendi wanapomsifu.

Zubeda


Lugombwe, 5 Agosti 1997

Mpwa wangu,

Papa amefika, na harufu yake imefika kabla yake. Nashukuru. Disketi nayo imefika, lakini kuna tatizo, na ninakuomba usinitukane.

Anwani za huko ni ndefu kama hotuba. Umeandika: kwa hisani ya Mzee Shomari, duka la mafuta ya taa, karibu na msikiti, sanduku namba kadhaa, Temeke. Kila mara kompyuta ilipokutana na mkato ilidhani mambo ya safu hiyo yamekwisha, ikahamia nyingine, mpaka kwenye kadi ya mtoto anayefuata. Sasa nina mtoto ambaye umri wake ni "karibu na msikiti", na mwingine jicho lake bovu ni "duka la mafuta ya taa". Nilicheka, kisha nikahesabu siku, nikaacha.

Rudia, lakini badala ya mkato tumia kitufe cha Tab. Na namba ya sanduku usiichanganye na maneno mengine, ipe safu yake peke yake, kwa sababu programu inataka kitu kimoja cha kuitambulisha kila kadi. Majina hayafai. Nina Fatuma Juma wanne humu ndani tayari.

Madaktari wanaanza kazi tarehe 29 Septemba, wanakaa siku kumi na nne. Bwana Albano ananiuliza kila asubuhi barua za Dar es Salaam ziko wapi. Jana aliniuliza mbele ya watu.

Badru


Mtoni, 23 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni fupi. Yako nimeipata tarehe kumi na saba. Nimeyafanya yote ulivyosema, nimekaa na rula kwenye kioo cha kompyuta nikifuata mstari mmoja mmoja mpaka hamsini na nane. Lori la Polikarpo liko gereji Mtongani, limevunjika springi. Nimekwenda stendi nikamwomba mama mmoja anayesafiri, simjui hata jina, ila alikuwa na tasbihi mkononi na nikamwamini. Disketi anayo yeye.

Nimepiga simu hospitalini kwenu kutoka posta mara mbili. Mara ya kwanza haikushika, ya pili aliipokea mtu akaniambia subiri, dakika zangu zikaisha.

Lulu siku hizi anamtambua mtu kwa viatu. Jana Nesi Margareta alikuja amevaa ndala kama zangu, Lulu akamkimbilia, akamkumbatia miguuni akimwita mama. Nesi hakumsahihisha. Mie nilikuwa nimesimama palepale mlangoni.

Fanya upesi, tafadhali.

Zubeda


Lugombwe, 10 Septemba 1997

Mpwa wangu Zubeda,

Nimemaliza. Disketi ililetwa jana, na programu imeisoma bila kugoma. Kulikuwa na marudiomarudio kidogo kwenye orodha, imeyaondoa yenyewe. Barua thelathini na sita zimekwenda posta leo. Ya Lulu imo, nimeigonga muhuri mwenyewe.

Usinijibu, majibu yatachelewa. Ukiipata ya Lulu njoo moja kwa moja, utafikia kwangu. Leta sweta.

Badru


Mtoni, 25 Oktoba 1997

Mjomba Badru,

Shikamoo. Tulifika salama. Bibi ameupokea ule mfuko wa viazi na amesema ni vidogo. Baba Lulu amepata kibarua cha kupakia mchanga, anarudi jioni hana kauli. Lulu anakusalimu, anakuita mjomba wa koti la kijani. Wiki hii amegundua kwamba kuku wetu wana rangi tofauti, alikuwa anadhani ni kuku mmoja. Sijui nikushukuru kwa maneno gani, na ndiyo sababu ya barua hii kunichukua wiki mbili.

Nitakwambia nilivyoondoka, maana kwako sikukwambia. Barua ya Lulu ilifika Ijumaa. Mzee Shomari alifunua kopo akanipa, nikamuuliza za wengine, akalimimina kopo lote mezani. Ilikuwa hiyo moja tu. Akasema za wengine zitafuata, posta ndivyo walivyo. Nikasema ndiyo, zitafuata. Jumamosi nilifunga mizigo. Jioni Mwanabaraka alipokuja kuuliza kama kawaida yake nikamwambia bado, na kwamba kesho nakwenda Kibamba kumtazama mgonjwa. Alinipa embe mbili za huyo mgonjwa.

Nimekaa kwako siku tisa. Kila asubuhi nilitazama yale mabenchi ya nje ya wodi. Niliona watoto wa Makambako, wa Mbeya, wa Temeke nikawaona kadhaa ambao nyumba zao zina sanduku lao. Wa Mzee Shomari sikumwona hata mmoja, zaidi ya wangu. Siku ya tatu ningeweza kukuuliza. Kulikuwa na muda wa kupeleka habari, watu wakapanda basi. Sikuuliza, kwa sababu Lulu alikuwa anapasuliwa siku ya nne, na niliogopa swali langu lisije likamshusha kitandani. Baada ya kupasuliwa niliendelea kunyamaza, na hapo hata sababu sikuwa nayo. Wewe nawe jioni ulikuwa unanieleza habari za bei ya mbolea.

Sasa nauliza. Nimekaa na orodha yangu, nimeipitia jina kwa jina. Hamsini na nane ukitoa thelathini na sita ni ishirini na wawili. Watoto wa Mzee Shomari ni ishirini na watatu. Hakuna jina lililojirudia, mjomba. Kilichojirudia ni namba ya sanduku. Kompyuta yako imewafanya watoto ishirini na watatu kuwa mtu mmoja, na imembakiza wa mwisho, na wa mwisho nilimweka mwanangu kwa mkono wangu ili mtu asiseme.

Barua yako ya kuitwa kazi hapo hospitalini ilipitia sanduku hilohilo. Tuliifuata pamoja.

Niambie tu kwamba ulisahau. Nitakuamini.

Zubeda


Lugombwe, 11 Novemba 1997

Zubeda,

Salamu kwa mama na kwa baba Lulu. Huku mvua zimeanza, daraja la chini limezama na barua hii sijui itatoka lini.

Sikusahau.

Nimeandika barua mbili za kukwambia nilisahau, nimezichana. Ilikuwa hivi. Nilipoanza kuingiza majina, kadi ya kwanza ya Mzee Shomari ilipita. Ya pili programu ikasimama, ikaniambia sanduku hili lina kadi tayari, ibadilishwe iwekwe mpya? Palepale nililiona lile kopo la biskuti. Nilijua ni nini. Nilijua kwamba dawa yake ni kuanza upya, kumpa kila mtoto namba yake na kubadilisha kadi zote za hospitali, kazi ya siku nne au tano, na kwanza niende kwa Bwana Albano nikamwambie kwamba kadi nilizipanga vibaya tangu mwanzo. Alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza, Mhandisi, leo tunachapa au hatuchapi? Nikasema tunachapa. Programu ilikuwa na jibu la ndiyo kwa zote. Nikalibonyeza.

Nilijiambia nitarekebisha usiku, kisha nitarekebisha kesho. Zilipotoka kwenye printa nikazihesabu, thelathini na sita, na ya Lulu ilikuwa juu kabisa. Nitakwambia na hili, kwani ndilo baya kuliko yote. Nilipoiona nilisema alhamdulillahi, na baada ya hapo sikufikiria tena kurekebisha.

Ulipokuwa hapa nilikuwa nasubiri uniulize. Kila jioni nilisema akiuliza nitamwambia. Hukuuliza, nikashukuru.

Nimemuuliza Bwana Albano kuhusu mwakani. Madaktari hawajaahidi. Wakija, itakuwa baada ya miaka miwili, labda. Nimeanza kumpa kila mtoto namba yake. Nafanya jioni, nimefika kumi na sita. Sijui nawafanyia nini hasa.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kuwasomea barua hii, wasomee.

Badru


Mtoni, 14 Desemba 1997

Mjomba Badru,

Shikamoo. Huku nako ni maji matupu, choo cha jirani kimetitia na Bibi analala chumbani kwetu kwa sababu chake kinavuja. Amekusalimu. Sijamwambia kitu, ataulizia mwenyewe siku akitaka.

Yako niliipata tarehe mbili. Niliipokea dukani kwa Mzee Shomari, na wakati napokea alikuwepo mama wa namba tisa, mama wa namba kumi na nne, na Mwanabaraka, wote wamekuja kuuliza kama barua zao zimefika. Wamekuwa wakienda kila siku tangu mwezi wa tisa. Wanajua Lulu anaona, nani asiyejua, anapita mitaani anawatajia watu rangi za nguo zao. Niliwaambia tulipata nafasi huko njiani kwa bahati. Waliniamini. Wakaja nyumbani kumjulia hali mgonjwa, na unga, na mayai, na khanga mpya moja.

Jumapili iliyofuata niliwaita wote uani kwangu. Kumi na saba walikuja. Nesi Margareta alikaa mlangoni. Barua yako sikuwasomea. Niliwaambia kwanza la kwangu, kwamba nilipata barua Ijumaa nikawaficha, na kwamba Kibamba hakukuwa na mgonjwa. Kisha nikawaambia kompyuta ya huko ilitaka kila sanduku liwe na mtu mmoja, na aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo alijua sisi tuko wengi, na kwamba ni mjomba wangu. Nikawaambia madaktari wameshaondoka.

Nilikuwa tayari kwa matusi. Mama wa namba tisa alitema mate chini, akaondoka. Mmoja akauliza kama miaka miwili ni mingi, Nesi akatazama sakafu. Mzee mmoja, babu wa mapacha walio kwenye orodha, alitaka nimweleze tena hayo ya sanduku, nikamweleza mara tatu, na kila mara aliniuliza: "Lakini majina yetu si uliyaandika?" Nikamwambia niliyaandika. Nilikuwa nalia, sikuficha. Wakaondoka mmojammoja, hawakuniaga.

Mwanabaraka alibaki. Sadallah alikuwa mapajani mwake, mkubwa hivyo, miguu inagusa chini. Wiki iliyopita Nesi alimmulika kwa tochi. Jicho la kulia halifuati mwanga tena, la kushoto linafuata kidogo. Nilisubiri aseme neno. Alimpangusa mwanawe mchanga kwenye magoti. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Ungenambia tu, Zubeda. Mie ningekubebea Lulu mpaka stendi."

Akasimama, akamshika Sadallah mkono, wakatoka.

Afadhali angenipiga. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, nayazungusha humu ndani nikipika, nikichapa, nikimwogesha Lulu anayenitazama usoni muda wote, na sijui pa kuyaweka. Jioni hazuki tena kuniuliza tumefikia wapi. Nimekuandikia ili uwe nayo na wewe.

Mpwa wako,
Zubeda